Risasi gani kwa bastola mpya?

SWALI: Mzee, nimepata leseni na bastola ya milimita 9. Nataka kulenga shabaha tu. Ninunue risasi zipi?
– Msomaji, Nakuru

JIBU: Kijana wangu, kwanza soma maandishi kwenye mtutu. Kama ni 9x19 (upana wa kichwa cha risasi na urefu wa ganda lake, kwa milimita), nunua hizo hizo, si 9x18, hata muuzaji akikuapia.

Kisha tazama uzito wa kichwa cha risasi, ambao hupimwa kwa greni. Za kawaida ni 115, 124 na 147. Ya 115 ni kama gramu 7 na nusu. Chagua zenye kichwa cha mviringo kilichofunikwa shaba. Ni nafuu na hazikwami ovyo. Zenye tundu kichwani ni ghali, na karatasi haihitaji kuuawa.

Usinunue shehena. Chukua boksi moja la 115 na moja la 124, upige tano tano kwa mita 15, mikono ukiiegemeza mezani. Yangu ilizitawanya za 115 kama mtama, za 124 zikakaa pamoja ningezifunika kwa kiganja. Yako huenda ikapenda kinyume.

Zilizojazwa upya na fundi wa mtaani, achana nazo. Na unawe mikono kabla ya chai. Ile madini ya risasi ni sumu.