Wanapenda nyimbo au wanapenda mvumo?

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii, "Je, albamu ya roki iliyorekodiwa nyumbani kwa mashine ya kaseti inaweza kuwa bora kuliko iliyotengenezwa studio?", limenikuta kazini, nikimchanganyia sauti kijana mmoja ambaye amenikataza kabisa nisiisafishe. Anataka wimbo wake uvume kama kanda ya zamani, ilhali kwa umri wake sidhani kama amewahi kukaza utepe wa kaseti kwa kalamu, na mvumo wenyewe siku hizi huongezwa kwa programu ya kompyuta. Kwa sababu hiyo naomba mniwie radhi nikijibu swali lililo jirani na lenu. Ubora wa albamu hizo haunikoseshi usingizi. Kinachonikera ni shauku ya wanaozisikiliza, kwa maana mara nyingi nahisi kwamba kinachosifiwa si muziki, bali ni uhaba wa vifaa uliomkuta mtu mwingine.

Mfano unaotajwa kila mara mjadala huu unapozuka ni Bee Thousand ya kundi la Guided by Voices kutoka Dayton, Ohio, iliyotolewa mwaka 1994 na Scat Records, lebo ndogo ya Cleveland. Ina nyimbo 20 ambazo zote kwa pamoja hazifikishi dakika 40. Kiongozi wa kundi, Robert Pollard, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyekwisha kuvuka miaka 35, na yeye na Tobin Sprout na wenzao walirekodi sehemu kubwa ya kazi hiyo katika vyumba vya chini na mabanda ya magari ya nyumba zao. Miaka miwili kabla yake walikuwa wametoa Propeller kwa nakala 500 tu, kila moja ikiwa na jalada lililotengenezwa kwa mkono.

Mashine waliyoitegemea zaidi ni ile ya njia nne. Kaseti ya kawaida ina njia mbili upande wa kwanza na mbili upande wa pili. Mashine hii huzitumia zote nne kwa mwelekeo mmoja, ili mtu arekodi dramu kwenye moja, gitaa kwenye nyingine, na kadhalika. Zikijaa, unazikusanya tatu na kuzihamishia kwenye ya nne, halafu unaanza tena juu ya zile zilizoachwa wazi. Kila ukihamisha, mvumo unazidi, sauti za juu zinafifia, na ulichokwisha kukikusanya hakitenganishwi tena. Fundi yeyote aliyefundishwa kazi anajua kwamba hayo ni mambo ya kukwepwa, na sielewi ni lini yaligeuka kuwa ya kutamaniwa.

Labda wivu nao umo. Bendi zetu zilizorekodi Radio Tanzania zilipangwa chumbani mbele ya maikrofoni chache na kupiga wimbo mzima kwa mkupuo, na zile kazi za Mlimani Park Orchestra tunazozicheza harusini hadi leo zilitoka katika mazingira ya namna hiyo. Hakuna aliyeuita mtindo. Ilikuwa ndiyo hali iliyopo, na mafundi wa enzi hizo walihangaika usiku na mchana ili sauti itoke safi kadiri mtambo ulivyoruhusu. Kwa hiyo ninapomsikia mtu akisifu uchafu wa sauti kana kwamba ni uaminifu wa moyo, huwa nauliza kimoyomoyo kama angewaambia hivyo wale mafundi usoni.

Niliwahi kuiona shauku hiyo kwa karibu. Nilikuwa Columbus kwa shemeji yangu, mji usio mbali na huko Dayton, naye alikuwa na rafiki wa kazini, fundi bomba wa makamo, mtu mkimya sana, ambaye aliposikia kwamba mgeni wa nyumba ni fundi sauti kutoka Dar es Salaam alisisitiza nipelekwe kwake. Tulishuka chumba cha chini ya nyumba, chenye mashine ya kufulia pembeni na sahani za santuri zimejaa ukuta mzima. Walikuwapo wanaume kadhaa na mwanamke mmoja, wote wa rika lake. Shemeji alinitambulisha kwa mbwembwe zisizo na kiasi, nami nikawekwa kwenye kiti cha katikati ya spika mbili kama mzee wa baraza anayesubiriwa atoe hukumu.

Mwenyeji aliifuta santuri polepole, akashusha sindano, na wote wakanyamaza. Wimbo wa kwanza ni "Hardcore UFO's". Kwa mazoea ya kazi nilianza kusikiliza vifaa kabla ya wimbo: dramu zinapwaya, sauti ya mwimbaji iko mbali, magitaa yanakwaruza. Pembeni yangu fundi bomba alikuwa akipiga gitaa la hewani, vidole vikitembea kwenye nyuzi zisizokuwapo, na wenzake wawili vivyo hivyo. Katikati ya wimbo gitaa moja likakatika ghafla. Nilinyoosha mkono kugusa waya wa spika, na mwenyeji akanipa ishara ya kichwa kwamba nisubiri. Hapo ndipo nilipoona kwamba mikono yake ilikuwa imelala mapajani. Mikono ya wenzake pia ilikuwa imelala. Gitaa liliporudi, mikono yote ikainuka kwa pamoja, bila mtu kumtazama mwenzake. Walikuwa wamekariri hitilafu ile sawasawa na walivyokariri mashairi.

Niliwauliza, shemeji akitafsiri pale Kiingereza changu kiliponipotea, kama wangefurahi wimbo huo urekodiwe upya, gitaa likiwa kamili. Wanaume wote walikataa kwa mara moja na mmoja karibu akasirike. Maneno yao yalikuwa yaleyale ninayoyapinga, kwamba ukiisafisha unaiua, kwamba uchafu ndio ukweli. Mwanamke yule hakuchangia. Baadaye, nilipopanda jikoni kutafuta maji, nilimkuta anasuuza glasi huku anaimba kiitikio cha "I Am a Scientist", wimbo wa albamu hiyohiyo, taratibu, kwa sauti yake mwenyewe, na maji ya bomba yakimsindikiza. Akaniambia kwamba kwa miaka mingi hakujua kuwa gitaa lile lilikatika kwa bahati mbaya. Aliusikia wimbo hivyo tangu mwanzo, akadhani umetungwa hivyo.

Wakati ule nilichukua kumbukumbu ya mikono mapajani kama ushahidi wangu dhidi yao, na nimeisimulia mara nyingi kwa nia hiyo. Ninapoandika hapa ndipo naona kwamba ya jikoni ina uzito zaidi. Pale hapakuwa na mvumo wa kanda wala mashine ya njia nne, na wimbo ulisimama wenyewe. Pollard alilelewa na roki ya Waingereza ya miaka ya 1960, na anajua kutunga kiitikio ambacho mtu hubaki nacho, hata kama wimbo mzima hauchukui dakika mbili.

Historia ya kundi nayo inanibana. Kazi yao ya kwanza, Forever Since Breakfast ya mwaka 1986, ilirekodiwa studio na haikupata umaarufu. Mwaka 1999 walitoa Do the Collapse chini ya mtayarishaji Ric Ocasek wa kundi la The Cars, ikiwa na sauti safi iliyopangika, na mashabiki wengi wa zamani walinung'unika. Ningependa kusema kwamba walinung'unikia kukosekana kwa uchafu tu. Hata hivyo, nikiisikiliza hiyo pamoja na Bee Thousand kwa makini, ile ya kaseti inakimbia. Wazo likiisha wimbo unakatwa, na linalofuata limekwisha kuingia. Ile ya studio hunyoosha mambo ambayo hayakuomba kunyooshwa.

Basi jibu langu ni ndiyo: Bee Thousand ni bora kuliko albamu nyingi za studio, ikiwamo ile ya bendi ileile, ingawa ninapopima spika mpya naweka ya 1999 na nitaendelea kuiweka. Hiyo "ndiyo" yangu ni ya albamu hii moja, haigawiwi kwa kila anayevumisha sauti kwa makusudi, na sijashawishika kwamba wale wanaume wa chumba cha chini walikuwa wakipenda kitu kilekile alichokipenda yule mama. Na kwa upande wa kanda zetu za redio, msimamo wangu haujatikisika hata kidogo: penye kanda asilia irudiwe vizuri na isafishwe, isipokuwa pale ambapo kusafisha kutaondoa pumzi ya mwimbaji, na hapo fundi aache kama palivyo.