Je, Kulipia Barabara Kunapunguza Msongamano?

Swali: Mhariri, mimi ni mkazi wa Syokimau na kazi yangu iko Westlands. Tangu barabara ya haraka ya Nairobi ifunguliwe mwaka 2022, wenye uwezo hupita juu, nasi abiria wa matatu tumebaki chini na foleni yetu. Hata hivyo, nasikia kuna miji ya ng'ambo iliyopunguza msongamano kwa kutoza magari. Mbona hapa kwetu sioni nafuu?

Jibu: Tofauti kubwa, ndugu msomaji, iko katika lengo la tozo yenyewe. Barabara hiyo ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands ilijengwa kwa fedha za mwekezaji, aliyepewa miaka 27 ili arudishe gharama zake. Kwa sababu hiyo, malipo hufuata aina ya gari na umbali linaokwenda, bila kujali saa. Anayepita asubuhi wakati wa kukimbilia kazini hulipa sawa na anayepita usiku wa manane.

Tozo ya msongamano hufuata saa. Barabara ikishajaa kupita kiasi, magari yanayopita kwa saa moja huwa machache kuliko yale ambayo yangepita kama yangekuwa yanatembea, na ndiyo maana kuondoa sehemu ndogo tu ya magari huweza kuifungua foleni nzima. Stockholm, mji mkuu wa Sweden, ilifanya majaribio kuanzia Januari hadi Julai 2006: magari mengi yaliyoingia au kutoka katikati ya mji mchana wa siku za kazi yalitozwa, na kiwango kilikuwa cha juu zaidi asubuhi na jioni. Magari yaliyovuka mpaka huo yalipungua kwa takriban asilimia 20. Majaribio yalipokwisha, mengi yakarudi, na mwaka 2007 tozo ikawekwa ya kudumu. Jambo ambalo ningependa wapangaji wetu walizingatie ni kwamba mabasi ya ziada yalianza kazi Agosti 2005, miezi kadhaa kabla ya dereva yeyote kutozwa.

Mfano wa California unakaribia zaidi wa kwetu. Mwaka 1995, njia nne za kulipia zilifunguliwa katikati ya barabara kuu namba 91 katika Orange County, na bei yake hupanda na kushuka kulingana na saa. Waliolipa walifika upesi. Lakini mkataba wa mwekezaji uliizuia serikali kuboresha njia za bure zilizo kando, na malalamiko yalizidi hadi mamlaka ya usafiri ya eneo hilo ikazinunua njia za kulipia mwaka 2003 ili kuondokana na sharti hilo.

Kwa maoni yangu, kumtoza mwenye gari saa za msongamano ni haki, kwa kuwa anachukua nafasi kubwa barabarani akiwa mara nyingi peke yake, huku matatu ikibeba watu 14 au zaidi. Haki hiyo hupotea iwapo abiria wa matatu hapati chochote. Kwa hiyo, mpango wowote wa tozo utakapoletwa kwenye mikutano ya kukusanya maoni ya wananchi, nenda ukaulize mambo haya: mabasi yatapewa njia yao lini, fedha zitakazokusanywa zitatumiwa wapi, na mkataba unasema nini kuhusu barabara ya chini.