JIBU: CD90 imewaka seli zote, nitajuaje ni faibroblasti?

Waalaykum salaam mdogo wangu. Kwa watakaoingia uzi huu baadaye nalifupisha swali: umeotesha seli kutoka kipande cha keloidi, lile kovu linalovimba na kupita mipaka ya jeraha, alilokatwa mgonjwa kwa ridhaa yake. Umeweka kingamwili (protini inayoshika shabaha yake, iliyofungwa rangi inayong'aa) ya CD90, alama ya juu ya seli, karibu seli zote zimewaka. Umeweka ya vimentini, giza tupu. Msimamizi wako anakuuliza umejuaje kama hizo ni faibroblasti, seli zinazotengeneza nyuzi za tishu unganishi na makovu, na wewe unatuuliza ununue kingamwili gani ya tatu.

Usinunue kitu kwanza. Kingamwili inayoshika faibroblasti peke yake, isiguse seli nyingine yoyote, haipo. Usidhani ni sisi wa visiwani tu ndio haijatufikia. Hata huko zinakotengenezwa hawana. Tumezoeshwa na damu. Aliyewahi kukaa kliniki ya CTC, ya matibabu ya VVU, anasikia CD4 asubuhi mpaka jioni, mwisho anaamini kila seli ina CD yake. Hata hiyo CD4 ya seli T, monosaiti (aina nyingine ya seli nyeupe) nazo wanayo, hafifu, ndiyo maana kipimo huangalia na CD3, alama ya seli T, kwa pamoja. Namba hizi za CD zilianza kupangwa kwenye mkutano wa Paris mwaka 1982, maana tangu Köhler na Milstein waoneshe mwaka 1975 jinsi ya kutengeneza kingamwili za monokloni, yaani za ukoo mmoja wa seli, kila maabara ilikuwa na zake na majina yake. Waliokutana pale shida yao ilikuwa seli nyeupe za damu. Seli za tishu unganishi zimeingia orodhani kwa mlango wa uani.

Vimentini tuimalize haraka. Iko ndani ya seli, ni nyuzi za kiunzi chake. Kingamwili ina uzito wa kilodaltoni 150 hivi, haipenyi utando wa seli iliyo hai, kwa hiyo giza ulilopata ni jibu sahihi kabisa. Ukiitaka, fiksi seli kwa paraformaldehaidi ya asilimia 4, zitoboe kwa saponini au Triton, kisha weka kingamwili. Lakini hata ikiwaka haitakusaidia sana mbele ya msimamizi: seli za kuta za mishipa ya damu zinayo, na seli nyeupe zinayo.

Kazi yako ni ya kuondoa. Jiulize kwenye kile kipande cha ngozi mlikuwa na nani: keratinosaiti (seli za tabaka la juu la ngozi), seli za mishipa ya damu, seli nyeupe. Kila mmoja mtafutie alama yake, uoneshe hayumo. CD45 kwa seli nyeupe, CD31 kwa mishipa, E-kadherini (CD324) kwa keratinosaiti. Upande wa zinazotakiwa kuwaka weka CD90 na CD140a. Hapo una hoja.

Sasa hapa kwenye E-kadherini nakuomba usome taratibu, maana ndipo watu wengi wanapopata jibu zuri la uongo. E-kadherini inalindwa na kalsiamu. Ikiwepo kalsiamu, protini hiyo inasimama imara. Ukiiondoa, inalegea na tripsini, kimeng'enya cha kubandulia seli, inaikata. Na chupa uliyonayo kwenye friji, nina hakika, ni ya tripsini pamoja na EDTA, na kazi ya EDTA ni hiyohiyo ya kunyakua kalsiamu. Kwa hiyo unabandua seli zako, unazinyoa E-kadherini yote, halafu unaweka kingamwili na kufurahi kwamba keratinosaiti hamna. Bandua kwa EDTA peke yake ukizisukuma polepole kwa midia (maji ya kuoteshea seli), au tumia kimeng'enya kipole zaidi kama Accutase. Kama huna budi kutumia tripsini, zipe seli saa kadhaa kwenye midia yenye seramu, nyuzi 37, zijijengee upya protini za juu kabla hujazipaka. Au funga mjadala kwa kupima keratini, nyuzi za keratinosaiti, ndani ya seli zilizotobolewa. Keratini tripsini haiifikii.

Jambo la pili ni hilo la kusema "CD45 haikuwaka". Umejuaje kama kingamwili yenyewe ni nzima? Imetoka Dar kwenye boti, imekaa bandarini, umeme umekatika usiku. Chukua damu kidogo ya mtu aliyekubali, pasua seli nyekundu kwa maji ya amoniamu kloridi, seli nyeupe zinazobaki zipake kwa kingamwili ileile, siku ileile. Zikiwaka, na za kwako zikabaki giza, sasa sufuri yako ina thamani. CD31 nayo utaiona humohumo, kwani monosaiti wanayo. Na tukiwa kwenye safari: kingamwili zilizofungwa na rangi ya PE hazigandishwi. Nimeona kisanduku kizima kikitupwa kwa sababu mpokeaji, kwa nia njema, alikitia kwenye friza. Nyuzi 2 hadi 8, gizani, basi.

Halafu faibroblasti zina tabia ya kung'aa zenyewe, hasa zilizokwisha kuhamishwa chupa mara nyingi. Mng'ao huo unaangukia zaidi kwenye kijani, pale pale inaposomwa rangi ya FITC. Kwa hiyo lazima uwe na mrija wa seli za kizazi hichohicho zisizopakwa kitu. FITC iachie alama yenye nguvu kama CD90. Alama hafifu zipe rangi nyekundu kama APC. Weka na 7-AAD, rangi inayoingia seli mfu, uziondoe zilizokufa, kwani seli mfu hushika kila kingamwili. Paka kwenye barafu, nusu saa, gizani; kwenye joto seli huzimeza kingamwili zako ndani. Barafu ya wauza samaki inatosha, ilimradi ibaki nje ya mirija. Kabla ya kupitisha kwenye mashine (saitomita, inayosoma rangi seli moja moja) chuja, maana faibroblasti ni kubwa na zinapenda kushikana.

Kuhusu mashine: kabla hujaomba nafasi, uliza kama inakubali upange rangi zako. Vimashine vingi vya kuhesabia CD4 vimefungwa kwa kazi hiyo moja. Ukikosa, hadubini ya fluoresensi inafaa kwa swali lako. Otesha kwenye vipande vya kioo, hapo hata tripsini huihitaji, paka zikiwa hai juu ya barafu, kisha ndipo ufiksi.

Yule ndugu aliyekushauri CD26 kama alama ya faibroblasti ana chanzo, utafiti wa mwaka 2015 juu ya faibroblasti zinazotengeneza kovu, lakini ulifanywa kwa ngozi ya mgongo wa panya. Panya na binadamu hawafanani hapa. Hata CD90 yako, kwa panya iko kwenye seli T, kwa binadamu seli T nyingi hazina. Soma karatasi ya kingamwili: imetengenezwa dhidi ya nani?

Na tafadhali usije ukaandika "seli shina" kwa sababu CD73, CD90 na CD105 zote zimewaka. Vigezo vya mwaka 2006 vinataka asilimia 95 au zaidi ziwake hizo tatu, zinazowaka alama za damu zisizidi asilimia 2, na juu yake seli zigeuke mfupa, mafuta na gegedu mbele ya macho yako. Faibroblasti za kawaida za ngozi zinafaulu ile sehemu ya kingamwili bila taabu. Wanaouza sindano za "seli shina" mtandaoni wanaishia hapo.

Anza na mirija mitatu: isiyopakwa, CD90 na CD45, na ile ya damu. Ukipata grafu zitundike hapa, utaje na kloni (ukoo) ya kila kingamwili na ulivyozibandua seli.