Hesabu mlio kabla ya kumwambia mteja anunue seti ya cheni

Dereva wa bodaboda haji gereji na maelezo marefu. Atasema "fundi, nyuma kunalia", atakaa kwenye benchi na kuanza kuangalia saa, maana jioni ana hesabu ya bosi. Wewe uliyeingia kwenye kazi juzi utashawishika kutoa jibu la haraka: cheni imekwisha, kalete seti, yaani cheni na spoketi zake mbili, yale magurudumu yenye meno inayopita. Huenda ni kweli. Lakini seti ni hela nyingi kwa mtu wa bodaboda, na mlio ukiwa wa beringi ya tairi, kesho asubuhi atakuwa mlangoni kwako na cheni mpya inayolia vilevile.

Kwanza jiridhishe kwamba unachosikia kinatoka nyuma. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, washa injini, acha nyutro. Kama mlio upo hapohapo, cheni ya nyuma haihusiki, kwa sababu haizunguki. Shuka kwenye injini ukasikilize cheni ya taimingi na valvu. Kama haupo, kaipande barabara tulivu, fika mwendo wa kati, kisha kamata klachi uiache iserereke. Mlio unaoendelea na kupungua taratibu pamoja na mwendo uko kwenye tairi, breki au cheni. Unaokatika ghafla injini inapoacha kuvuta, ukarudi unapoongeza mafuta, unakuelekeza kwenye spoketi na raba za habu (zile za kupunguza mshtuko kati ya habu ya tairi na kibebeo cha spoketi kubwa), yaani vitu vinavyobeba nguvu ya injini.

Sasa zima injini, rudi kwenye stendi kubwa, nyutro. Usiwashe injini na kuingiza gia ili "usikie vizuri" huku mkono au kitambaa kiko karibu na cheni. Cheni ikidaka kitambaa, kidole kinaingia kwenye spoketi kabla hujapiga kelele. Tairi linazungushwa kwa mkono, basi.

Chora alama ya chaki pembeni mwa tairi, na nyingine kwenye pingili moja ya cheni. Tuseme spoketi ya mbele ina meno 14, ya nyuma 42, na cheni ina pingili 118. Tairi likizunguka mara moja, spoketi ndogo imezunguka mara 3. Ile pingili yenye chaki haitarudi ilipoanzia mpaka tairi lizunguke karibu mara 2.8, maana 118 ukigawa kwa 42 unapata hapo. Pikipiki iliyo mbele yako inaweza kuwa na namba nyingine. Hesabu meno yake ufanye hesabu hiyohiyo.

Kwa hesabu hiyo mlio unajitaja wenyewe. "Tak" moja kila tairi linapomaliza mzunguko iko kwenye kitu kinachozunguka na tairi: jino la spoketi kubwa lililopinda, bolti iliyolegea, ngoma ya breki, beringi. "Tak" tatu kwa mzunguko mmoja ziko mbele, kwenye spoketi ndogo. "Tak" moja kila karibu mizunguko mitatu ni ya cheni yenyewe, na tena ni ya sehemu moja tu: pingili iliyoganda, rola (kile kiringi kinachozunguka pini) iliyopasuka, au klipu ya kiungo cha cheni inayokwaruza kava. Ipitishe polepole kwenye spoketi ndogo uone pingili ipi inagoma kujikunja. Iliyoganda kwa kutu mara nyingine hulegea kwa mafuta na kuchezeshwa kwa mkono. Iliyopasuka rola haina dawa.

Ukishuku beringi, toa cheni, zungusha tairi tupu. Likiendelea kukoroma, umeshapata jibu. Usisahau kwamba pikipiki nyingi zina beringi nyingine ndani ya kibebeo cha spoketi, tofauti na zile za tairi. Hiyo ndiyo husahaulika, kwa sababu ukishavua tairi inabaki upande wa spoketi na hakuna anayeitazama.

Mlio usio na mapigo, wa kuvuma tu unaopanda na mwendo, ni habari nyingine, na hapa mafundi wengi ndio wanaoutengeneza wenyewe. Cheni hukazwa pikipiki ikiwa tupu. Halafu inapanda abiria wawili, au gunia la mkaa, mkono wa nyuma unaobeba tairi unainuka, ekseli inasogea mbali na spoketi ya mbele, na ile cheni iliyoonekana imekaa vizuri gereji inakuwa imevutwa kama uzi wa gitaa. Inavuma, inakula meno, na inasukuma beringi ya shafti ya gia mpaka sili ianze kuvujisha oili nyuma ya spoketi ndogo. Kwa pikipiki nyingi ndogo, cheni ya chini katikati inatakiwa icheze kama milimita 20 hadi 30. Kitabu cha pikipiki au kibandiko chake ndicho cha kufuata. Pima sehemu kadhaa huku ukizungusha tairi, kwa kuwa cheni hairefuki sawasawa, na urekebishe kwa kufuata pale ilipokaza zaidi. Kwa anayebeba mizigo kila siku, mimi huegemea upande wa kulegea.

Iliyolegea kupita kiasi nayo utaijua: inapiga kava kwenye matuta na kila dereva anapoachia mafuta. Kwenye pikipiki zenye kava lililofunika cheni yote, toa kile kizibo cha raba upime kwa kidole. Kava limeficha cheni nyingi zilizokwisha.

Je, imekwisha kweli? Pikipiki nyingi za cc 125 na 150 hutumia cheni namba 428, ambayo kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7. Inyooshe, pima pingili 20: mpya ni milimita 254. Ikifika 259 imeongezeka asilimia 2, iage. Utamaliza ubishi na mteja kwa futi kamba badala ya mdomo. Kuna wanaokata pingili mbili ili adjasta, ile bolti ya kukazia cheni, ipate nafasi tena. Urefu unapungua, ndiyo, lakini nafasi kati ya pini na pini imebaki pana, kwa hiyo cheni inapanda juu ya meno na kuyachonga yawe ndoano. Kwa sababu hiyohiyo cheni mpya juu ya spoketi zenye meno yaliyochongoka ni hela ya kutupa. Spoketi ndogo huisha kwanza. Ifungue uitazame hata kama kubwa inapendeza.

Kishindo kimoja, "gub", dereva anapoongeza mafuta baada ya kuachia, kwa kawaida ni raba za habu. Ingiza gia, injini imezimwa, shika tairi ulitikise mbele na nyuma huku ukiangalia kama habu inacheza peke yake ndani ya kibebeo cha spoketi. Mtaani hujazwa vipande vya tyubu. Vinamfikisha mtu nyumbani, ila usimwandikie kwamba umemtengenezea.

Kuhusu mafuta, oili chafu ya injini ni ya bure na ndiyo maana inapendwa, ila imebeba chembe za chuma. Oili ya gia namba 90 inatosha kabisa. Ipake upande wa ndani wa cheni ya chini, ikiwa bado ya moto kutoka barabarani, izungushe, kisha ufute inayobaki nje. Grisi nene inayopakwa nje hainyonywi ndani ya pini. Kwenye barabara ya vumbi inakusanya mchanga na kuwa msasa. Vumbi jekundu la kutu pembeni mwa pini linaonyesha kwamba ndani hamna mafuta, hata kama nje inang'aa. Cheni za oringi (zenye vipete vya raba kwenye pini) za pikipiki kubwa usizioshe kwa petroli wala brashi ya waya.

Wakati wa kufunga, klipu upande wake uliozibwa utangulie kule cheni inakoenda. Zile alama za adjasta zisikutoshe: chutama nyuma uangalie kama cheni inaingia kwenye meno imenyooka. Kaza nati ya ekseli, halafu pima ulegevu tena, maana kukaza huko huubadilisha. Mteja wa seti mpya arudi baada ya siku chache, kwani cheni mpya hulegea mwanzoni, na marekebisho hayo ya kwanza usimtoze.