Habari za jeshi huanzia nje ya geti

Mwaka wa kwanza nilipopewa kuwafundisha wanafunzi wa chuo uandishi wa habari za jeshi, nilianza na sheria. Wiki tatu nzima ni Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, vibali, na mahali pa kutopiga picha. Wakatoka darasani wanaogopa hata kupita kambi ya jeshi ya Lugalo na simu mkononi. Kosa lilikuwa langu.

Siku hizi naanza na vyeo. Kuna mwanafunzi alibahatika kumhoji ofisa, akamwita "Luteni" mwanzo mpaka mwisho. Kumbe ni Luteni Kanali. Yule bwana hakugomba; alijibu "ndiyo" na "hapana" dakika kumi, akaaga. Katikati ya vyeo hivyo kuna Kapteni na Meja, yaani miaka mingi ya jasho la mtu. Kwa hiyo wangu wanakariri ngazi zote kuanzia Luteni Usu. Na KJ ni Kikosi cha Jeshi, si jina la kata. Usicheke, nimeshasahihisha hilo.

Wakishaiva, nawatuma Mbagala, mabomu yalikolipuka kwenye ghala la jeshi tarehe 29 Aprili 2009. Wengine huenda Gongo la Mboto, kulikotokea kama hayo Februari 16, 2011. Wanakwenda wawili wawili, bila kamera, na uzio wa kambi wasiusogelee. Kazi yao ni kukaa barazani na waliokuwepo. Mama mmoja aliwashika mkono wanafunzi wangu akawaonyesha ufa ukutani. Kauziba kwa saruji mara mbili, umerudi. Kisha akatoa mfuko wa rambo, wa enzi zile kabla haijapigwa marufuku, umejaa karatasi za tathmini ya nyumba. Vijana wakanakili kila tarehe.

Hayo yote hayakuhitaji kibali cha mtu. Na ukimwendea msemaji wa jeshi ukiwa na tarehe na karatasi, unauliza swali linalojibika. Ukimwendea na "jeshi linasemaje?", utapewa salamu.

Kuhusu vifo sina masihara. Wanajeshi wetu wa kulinda amani chini ya Umoja wa Mataifa waliposhambuliwa Semuliki, Kongo, tarehe 7 Desemba 2017, baadhi ya taarifa za mwanzo zilitaja Watanzania 14 waliouawa. Baadaye ikawa 15. Kila namba iandikwe na aliyeitoa na saa aliyoitoa. Majina yasubiri familia ziambiwe kwanza, hata kama mshindani wako ameshayatoa.

Hilo nalipima kwa hila. Usiku, kama saa nne hivi, natupa kwenye grupu la darasa orodha ya majina ya kubuni ya "waliofariki", halafu naandika ujumbe wa pili kwamba ni zoezi. Mara ya mwisho, wanne walikuwa wameshaiweka status kabla sijamaliza kuuandika.