Jibu: Kufunga uzazi bila kupasuliwa

Dada, hicho kispringi ulichouliza, cha kufunga uzazi moja kwa moja bila kisu, ni Essure. Kilipitishwa mlango wa kizazi hadi kwenye mirija ya uzazi, kovu likaota na kuiziba. Ilibidi kusubiri miezi 3 na kupimwa kabla ya kukitegemea. Marekani kiliidhinishwa 2002, lakini kinamama wakalalamikia maumivu na mirija kutoboka, kampuni ya Bayer iliyokitengeneza ikaacha kukiuza huko mwisho wa 2018. Kwa hiyo usizunguke Kampala yote ukikitafuta. Wala usikichanganye na kijiti cha mkononi, hicho hutolewa ukitaka mtoto tena. Kama umemaliza kuzaa kweli, hospitali kubwa kama Mulago hufunga mirija kwa mkato mdogo. Bado unasitasita? Kitanzi cha shaba hukaa hata miaka 10, bila kisu.