Jibu: Sanamu ya papa (yule samaki) ya Béhanzin, mfalme wa Dahomey (Benin ya leo), imeenda wapi?

Habari ndugu. Kitabu chako cha zamani kinasema iko Musée de l'Homme, jumba la makumbusho la Paris, nawe umezunguka vyumba vyote bila kuiona. Anza na namba ya kifaa katika orodha ya makumbusho, achana na jina la jumba. Ikianza na 71, kilitoka Musée de l'Homme. Ikianza na 73, kilitoka jumba la makumbusho la Porte Dorée, Paris, lililofungwa 2003. Mikusanyo yao ya Afrika ilihamia quai Branly, makumbusho mengine ya Paris yaliyofunguliwa 2006. Namba ya pili ni mwaka wa kuingia (mimi nilipoteza nusu siku kabla sijalijua hilo).

Yako inaanza 71.1893, lakini hata quai Branly hutaikuta: imo kati ya vitu 26 vilivyorudishwa Benin Novemba 2021.

Kwa vingine, tafuta namba mtandaoni kabla ya kukata tiketi. Vingi vimelala stoo.